Wimbo wa Kura kwa Sisi Tusiopiga Kura

Mwanzo wa mwaka 2016 nilikuwa na miaka 17, tunakaa Katwe, Kampala, mama yangu na sisi watoto watano katika chumba kimoja. Karibu na mlango wetu alikuwepo kijana anayeuza rolex, ile chapati ya mayai, na kila asubuhi kabla ya kuwasha jiko la makaa alikuwa anawasha kwanza spika yake. Mwezi ule alikuwa anapiga wimbo mmoja tu. Ukiisha, anaurudisha. Kiganda changu kilikuwa bado cha sokoni, cha kuuliza bei na kuomba kupunguziwa, kwa hiyo nikamuuliza, hili neno situka ni nini? Akasema, "Ni kuinuka. Kusimama." Halafu akaniuliza kama nina endagamuntu, yaani kitambulisho cha taifa, maana alikuwa anauliza hivyo kila mtu anayenunua kwake. Nikamwambia mimi ni mkimbizi. Akacheka kidogo, akanipa rolex yangu, akasema, "Basi wewe sikiliza tu."

Nimesikiliza tu mpaka leo. Sasa nafanya kazi na vijana, wakimbizi na Waganda pamoja, na vijana wananiuliza mambo ya nyimbo hizi kila siku. Nimeona niandike historia yake kama nilivyoielewa kwa kusoma magazeti, kuuliza wakubwa na kukaa mtaani. Siandiki kumpigia mtu kampeni. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inasema wazi kwamba mkimbizi asijiingize katika shughuli za siasa hapa nchini, za taifa wala za mtaa. Lakini historia ni historia, na sisi tuliishi ndani yake, tulifunga milango risasi zilipolia kama majirani wetu walivyofunga.

Watu wengi wanadhani rap ya siasa Uganda ilianza kwa wapinzani. Kumbe rap ya kura iliyovuma nchi nzima kwanza ilikuwa ya Rais mwenyewe. Mwishoni mwa mwaka 2010, Yoweri Museveni, mzee wa miaka 66 wakati ule, alikuwa akiwaambia vijana kwenye mikutano maneno ya kale ya Kinyankole, yale ya watoto kupokezana kwa mdundo, hii fimbo, hiki nilipewa, hiki nikampa yule. Watayarishaji wakachukua sauti yake wakaiweka juu ya biti, ikatoka wimbo unaojulikana kama Another Rap. Ulipigwa kwenye baa, kwenye teksi, watu wakauweka kuwa mlio wa simu. Wengi waliocheza hawakuelewa neno hata moja la Kinyankole. Februari 2011 akashinda kwa asilimia 68. Sisemi alishinda kwa sababu ya wimbo, mtu ambaye alikuwa madarakani tangu Januari 1986 ana njia nyingine nyingi za kushinda. Ila alikuwa ameona kitu ambacho wapinzani wake walichelewa kukiona, kwamba katika nchi ambayo wengi wa watu wake hawajafika miaka 30, hotuba peke yake haifiki.

Na hip-hop yenyewe ilikuwepo mtaani muda mrefu kabla ya hapo. Bataka Squad, na hasa Babaluku, walikuwa wamefundisha vijana wa Kampala kwamba unaweza kurap kwa Kiganda bila kujifanya Mmarekani. Mtindo ule wakauita Lugaflow. Baadaye GNL Zamba akaupeleka mpaka vijijini. Mwaka 2014 ikaja NewzBeat kwenye NTV, habari za wiki zinazosomwa kwa rap, kwa Kiingereza na Kiganda. Mimi nilijifunza nusu ya Kiingereza changu cha habari pale, mwalimu wangu wa sekondari asisikie.

Sasa tufike 2015. Uchaguzi ulikuwa unakuja Februari 2016. Mwezi wa kumi, wanamuziki wakubwa wa Uganda walikusanyika wakatoa wimbo mmoja wa kumsifu Rais, Tubonga Nawe, maana yake tuko pamoja nawe. Jose Chameleone alikuwemo, Bebe Cool alikuwemo, Juliana Kanyomozi, Radio na Weasel, wote wale ambao sauti zao ndizo zilikuwa zinatuamsha asubuhi. Waliuzindua wamevaa njano.

Mtaani watu walikasirika, na siyo wapinzani tu. Nakumbuka mama mmoja jirani yetu, muuza nyanya, ambaye sikuwahi kumsikia akizungumza siasa, alisema watoto hawa tuliwalea sisi kwa kununua kaseti zao, sasa wamekwenda kula bila sisi. Hasira ile haikuisha haraka. Mwaka 2018, miaka mitatu karibu imepita, Bebe Cool alipanda jukwaani Lugogo akatupiwa chupa mpaka akashuka. Mimi kutupia mtu chupa siungi mkono. Naandika tu ili muone wimbo unaweza kukaa moyoni mwa watu muda gani.

Bobi Wine hakuwa kwenye Tubonga Nawe. Jina lake la nyumbani ni Robert Kyagulanyi Ssentamu, alizaliwa 1982, akakulia Kamwokya, mtaa wa mabanda ambao uko karibu sana na majumba ya matajiri ya Kololo. Alisoma muziki, ngoma na michezo ya kuigiza pale Makerere. Hakuanza na siasa, tusidanganyane. Nyimbo zake za mwanzo zilikuwa za mapenzi, majigambo na kugombana na wasanii wenzake. Lakini taratibu akaanza kuimba maisha ya Kamwokya. Tugambire ku Jennifer ulikuwa ni kumpelekea ujumbe Jennifer Musisi, aliyekuwa mkurugenzi wa jiji la Kampala, juu ya wachuuzi wanaofukuzwa na kunyang'anywa bidhaa barabarani. Sisi wakimbizi wa mjini wimbo ule tuliuelewa bila mkalimani. Mama zetu wanauza vitenge na bidhaa za mkononi barabarani zile zile, na askari wa jiji hawaulizi kama wewe ni Mkongo au Mganda kabla ya kubeba mzigo wako.

Ndipo ukaja Situka, kabla ya uchaguzi wa 2016. Karibu na wakati ule ule ulikuwepo mwingine, Dembe, uliokuwa juu ya amani wakati wa uchaguzi, na redio nyingi ziliogopa kuupiga. Wapo watakaonisahihisha kwamba Situka siyo hip-hop, ni regge zaidi. Sawa. Lakini unavyoanza, kwa maneno yanayosemwa kuliko kuimbwa, kwa Kiingereza chenye vina, kila kijana wa rap ninayemjua anaudai kuwa wake. Ujumbe wake si mgumu: viongozi wakipotosha, na mdomo wa kusema ukifungwa, basi mwananchi wa kawaida hawezi kubaki amekaa, asimame. Mtaani kwetu ulisikika moja kwa moja kama wito wa kwenda kwenye kituo cha kura.

Na hapa kuna jambo la kawaida kabisa ambalo watu wanaoandika juu ya nyimbo hulisahau. Daftari la wapiga kura la 2016 lilitokana na orodha ya vitambulisho vya taifa. Huna kitambulisho, hupo. Kwa hiyo kumwambia kijana apige kura maana yake ilikuwa kwanza kumwambia akapange foleni ya endagamuntu miezi mingi kabla, atafute mwenyekiti wa mtaa amsainie, apigwe picha, asubiri. Wimbo ukitoka wiki chache kabla ya uchaguzi, unawasha moto kwa mtu ambaye jina lake labda halimo. Yule muuza rolex alilijua hilo kuliko wengi, ndiyo maana swali lake la kwanza lilikuwa kitambulisho.

Siku ya kura, tarehe 18 Februari 2016, Facebook, WhatsApp na Twitter zilifungwa. Museveni alitangazwa mshindi kwa karibu asilimia 61, Kizza Besigye akapata kama 35. Waliojitokeza walikuwa karibu 68 kati ya kila mia walioandikishwa. Mwaka 2011 walikuwa 59. Namba hii iwekeni akilini, nitairudia.

Mwaka mmoja na miezi minne baadaye mwimbaji akafanya mwenyewe alichokuwa anawaambia wengine. Jimbo la Kyadondo Mashariki, huko Wakiso, lilibaki wazi baada ya mahakama kufuta matokeo, na tarehe 29 Juni 2017 Kyagulanyi akachaguliwa mbunge bila chama, kwa zaidi ya robo tatu ya kura zote, dhidi ya watu wa vyama vikubwa. Kampeni yake ilikuwa ya kutembea nyumba kwa nyumba. Kuanzia hapo mambo yakaenda mbio. Desemba 2017 bunge likaondoa kikomo cha miaka 75 cha kugombea urais, naye akawa ametoa wimbo Freedom kupinga. Matamasha yake yakaanza kuzuiwa na polisi. Agosti 2018 huko Arua, wakati wa kampeni ya uchaguzi mdogo, dereva wake Yasin Kawuma alipigwa risasi akafa ndani ya gari, na yeye mwenyewe akakamatwa, akapelekwa kwanza mahakama ya kijeshi, kisha akashtakiwa uhaini. Septemba 2019 serikali ikatangaza kofia nyekundu kuwa vazi la jeshi, ambalo raia akikutwa nalo anaweza kufungwa. Wiki ile nilimvua kijana wa Kirundi kofia nyekundu mlangoni mwa ukumbi wetu. Alikuwa amenunua Owino kwa sababu inafanana na viatu vyake, hakuwa na habari nyingine.

Niache Uganda kidogo. Kwa majirani zetu wa Kenya kuna mfano ambao vijana wangu wanaupenda sana, Unbwogable wa Gidi Gidi Maji Maji, mwaka 2002. Neno lenyewe limeungwa na Kijaluo na Kiingereza, bwogo ni kutisha, kwa hiyo ni mtu asiyetishika. Vijana wale wawili hawakuuandika kwa ajili ya chama, walikuwa wanajitia moyo wenyewe kwa shida zao za maisha na kutaja wakubwa wa kwao. Lakini wanasiasa wa NARC waliusikia, wakauchukua, nchi nzima ikawa inauimba, na Desemba 2002 KANU iliyotawala tangu uhuru ikaondoka. Sasa angalia tofauti. Kenya wimbo uliokotwa na wanasiasa. Uganda mwimbaji akawa ndiye mwanasiasa. Mimi naona ile ya kwanza ina hatari yake, maana wimbo ukishachukuliwa huwezi kuudai tena, na wale walioimba pamoja Nairobi waligombana vibaya baada ya muda mfupi tu. Lakini ya pili ina hatari kubwa zaidi: kumkamata mtu na kuukamata wimbo kunakuwa kitu kimoja.

Senegal walifanya njia ya tatu. Mwaka 2011 wanarap wa kundi la Keur Gui pamoja na waandishi wa habari walianzisha Y'en a Marre, yaani tumechoka. Hawakusema pigia huyu. Walizunguka mitaani kuwaambia vijana wajiandikishe, kadi yako ya kura ndiyo silaha yako, na wimbo ulikuja pamoja na kazi ya kuandikisha. Machi 2012 Rais Wade akashindwa kwenye kura, akampigia simu mpinzani wake kumpongeza.

Na wale Wasenegali ndio wanaotuunganisha na kwetu. Machi 2015 baadhi yao walikwenda Kinshasa, pamoja na mtu wa Balai Citoyen wa Burkina Faso, kukutana na vijana wa Congo waliokuwa wanaanzisha harakati iitwayo Filimbi. Jina la Kiswahili hilo, mnaona. Mkutano ulikuwa Masina, kwenye studio ya muziki. Polisi wakavamia. Wageni wakafukuzwa nchini. Fred Bauma, kijana wa LUCHA kutoka Goma, na Yves Makwambala, wakakaa gerezani mpaka Agosti 2016. Kosa lao lilikuwa kuzungumza juu ya vijana na uchaguzi katika chumba chenye maikrofoni.

Sasa nirudi Kampala, mwaka 2020, na hapa nitasema jambo ambalo sijaliandika popote.

Nilikuwa nimeanza kazi ya vijana mwaka mmoja kabla. Tulikuwa tunakutana Jumamosi upande wa Nsambya, vijana kama 20, Wakongo, Warundi, Wasudani Kusini wawili, na Waganda wa mtaa ule ule. Nilikuwa nawafundisha historia ya hip-hop. Bronx, Dakar, Dandora, Kalamashaka, Bataka Squad. Tulikuwa tunaandika mashairi yetu na kuyarekodi kwa simu. Corona ilikuwa imebana mikusanyiko, tulikuwa tunakaa mbali mbali na barakoa zetu kama wanafunzi wa mtihani.

Kijana mmoja Mkongo wa miaka 18 alileta rap aliyoiandikia rafiki zake Waganda. Sitaweka maneno yake hapa, ni yake. Wazo lilikuwa hivi: wewe una kadi na unaona uvivu kuamka, mimi ningeamka saa kumi usiku kama ningekuwa nayo, basi nenda na uniwekee hata kidole changu. Hakutaja chama. Hakutaja mtu. Ilikuwa rap nzuri kuliko zote tulizopata mwaka ule, na Waganda wa kikundi walikaa kimya alipomaliza.

Nikamwambia hatuwezi kuirekodi.

Shirika lililokuwa linatupa spika na nauli lilisema vile vile baadaye, waliposikia, na barua pepe ndefu. Ningeweza kuwalaumu wao na hadithi ikaisha. Lakini ukweli ni kwamba mimi ndiye niliyeogopa kwanza, kabla hawajasema chochote. Niliwaza makaratasi ya mama yangu. Niliwaza ofisi ambapo tunahuisha kitambulisho cha mkimbizi. Yule kijana akaniambia, kwa Kiswahili chetu cha kule, "Yaya, unatufundishaka Senegal, unatufundishaka Nairobi. Yetu ikifika, njo unasema tunyamaze?" Sikuwa na jibu. Nilisema kitu juu ya sheria. Sheria ipo kweli, nimeitaja juu, lakini hakuwa ananiuliza sheria.

Tarehe 18 Novemba Bobi Wine, sasa mgombea urais wa NUP, alikamatwa Luuka kwa madai ya kuvunja masharti ya Corona. Kampala ikawaka. Tulikaa ndani siku mbili, tunasikia risasi upande wa Katwe na kule chini mjini, moshi wa matairi na wa machozi unaingia chini ya mlango, mama amelowesha kanga ya kuziba. Serikali yenyewe ilisema waliokufa ni 54. Walikuwemo watu waliokuwa wanapita tu. Desemba, tarehe 30, Nubian Li, mwimbaji mwenzake wa miaka yote, alikamatwa Kalangala kwenye kampeni pamoja na wengine wengi, akakaa ndani mpaka Juni. Nikajiambia, umeona, ulikuwa sahihi kumkataza yule kijana. Siku nyingine najiambia kinyume. Rap yake isingeua mtu, na wala isingesikika zaidi ya mitaa miwili. Lakini mimi ningelala vipi?

Kikundi kilipofunguliwa tena hakurudi. Sasa anatengeneza simu huko Kyegegwa, ana mtoto. Tunasalimiana vizuri. Harap tena.

Nilisema nitairudia ile namba. Januari 14, 2021, intaneti yote imezimwa nchi nzima, watu walipiga kura. Museveni asilimia 58 na kitu, Kyagulanyi karibu 35, naye akazungukwa na askari nyumbani kwake Magere siku 11. Alikataa matokeo, akapeleka kesi mahakama ya juu, halafu akaiondoa. Hayo yanajulikana. Kinachonishangaza mimi ni daftari. Kati ya 2016 na 2021 walioandikishwa waliongezeka kwa zaidi ya milioni 2.8, kutoka milioni 15.3 hadi 18.1. Lakini kura zilizopigwa ziliongezeka kwa laki nne tu na kidogo. Waliojitokeza walishuka kutoka 68 hadi 59 kati ya mia, kule kule tulikokuwa 2011. Huu ndio uchaguzi ambao mwanamuziki mwenyewe alikuwa kwenye karatasi ya kura, ambao nyimbo zilikuwa nyingi kuliko wakati wowote!

Kwa nini? Woga wa Novemba, nadhani, ni sehemu kubwa. Mtu aliyeona maiti barabarani haendi kwenye foleni yenye askari. Corona nayo. Na wengine walishaamua kwamba kura haihesabiwi, na wimbo hauwezi kumjibu mtu anayesema hivyo. Wimbo unaweza kumtoa mtu kitandani, lakini hauwezi kukaa kituoni mpaka usiku kuangalia kura zinavyohesabiwa. Vijana wangu hawapendi nikisema hivi. Wananionyesha kwamba Kampala na Wakiso kura zilikwenda kwa NUP, kwamba chama cha miezi sita kilipata wabunge zaidi ya 50, na ndani yao wamo wanamuziki, Dr Hilderman na Geoffrey Lutaaya. Ni kweli pia. Hata Chameleone wa Tubonga Nawe aligombea umeya wa Kampala mwaka ule dhidi ya watu wa serikali na wa upinzani wote, akashindwa. Muulize mtu yeyote Katwe sababu, atakurudisha 2015.

Lakini kuna upande mwingine ambao ninyi wa mashirika mkisoma hapa naomba mkae nao kidogo. Mimi ni mtu wa Rutshuru. Tulivuka Bunagana mwaka 2012, mimi na miaka 13, tukapelekwa Rwamwanja, ndipo baadaye Kampala. Sijawahi kupiga kura ya nchi yoyote. Uganda siwezi, ni haki yao wenyewe, silalamiki. Congo, mwaka 2023, Wakongo wa nje waliruhusiwa kupiga kura katika nchi tano: Ubelgiji, Ufaransa, Afrika Kusini, Marekani na Kanada. Uganda, yenye Wakongo zaidi ya nusu milioni, haikuwemo. Na hata ningekuwa nimerudi nyumbani, Rutshuru na Masisi hawakupiga kura Desemba ile kwa sababu ya vita. Mwaka 2018 Beni na Butembo nao waliachwa nje siku ya uchaguzi, sababu iliyotolewa ilikuwa Ebola na usalama. Watu wa Beni waliweka masanduku yao wenyewe wakapiga kura ya kuigiza, foleni ndefu kabisa, wakijua haitahesabiwa na mtu. Nilipoona picha zile nilimkumbuka muuza rolex. Basi wewe sikiliza tu.

Na waimbaji wetu? Idengo, mtoto wa Beni, aliyeimba kwa Kiswahili hiki hiki chetu dhidi ya kila mwenye bunduki na kila mwenye kiti, akafungwa kwa ajili ya nyimbo zake, aliuawa Goma Februari 2025 kwa risasi. Usiku ule simu yangu haikunyamaza. Vijana walitumiana nyimbo zake mpaka asubuhi, hata Waganda wasiojua anasema nini.

Mwezi uliopita wasichana watatu wa Kyaka II, ambao tulikutana nao kwenye mafunzo ya vijana, walinitumia sauti kwa WhatsApp. Kwao kunakuja uchaguzi wa kamati za wakimbizi, RWC, kura pekee ambayo mimi niliwahi kupiga. Nilipiga Rwamwanja nikiwa nimerudi likizo, tulipanga mistari nyuma ya wagombea kwenye uwanja wa mpira, jua kali, na mgombea wangu alishindwa kwa watu wanane. Nilihesabu mwenyewe, mgongo kwa mgongo. Wasichana hawa wameandika rap ya Kiswahili kuwaambia vijana wa bloku yao wasiwaachie wazee peke yao mistari ile. Wanataja visima vinavyokauka, wanataja nani anaandika orodha ya chakula, wanataja wasichana wanaoambiwa hawawezi kuwa mwenyekiti. Waliuliza: "Yaya, hii inaruhusiwa?"

Niliisikiliza mara nne. Kuna mahali walitaja jina la mgombea mmoja na kumtukana tumbo lake. Nikawaambia watoe tumbo. Jina nikafikiria sana, mwisho nikawaambia watoe jina pia, waache visima na orodha, maana hayo kila mtu atajua ni ya nani. Walibisha kidogo kuhusu tumbo. Mengine nimewaambia warekodi yote kama yalivyo, na barua pepe ikija, ije kwangu.

Sasa wanasubiri biti. Niliahidi kutuma jana usiku, saa za bando la bei nafuu, mtandao ukakataa. Najaribu tena leo.